Kaka, Usiliache Kwanza Shamba la Mpunga

Mpendwa Kaka,

Uliposema kwenye simu kwamba ukivuna tu unaliacha shamba na kurudi nyumbani Mdandu, Mama alinipa simu. Mimi nilitaka kusema kitu, nikashindwa kama kawaida yangu. Leo ninacho cha kusema, na mkono unakataa kwenda polepole! Nakala nimeibandika kwenye ubao wa shule, ingawa naona aibu, kwa sababu wengi hapa wana ndugu wanaolima mpunga huko chini Usangu.

Unakumbuka likizo niliyokuja kwako? Ulinionyesha jaruba lenye mpunga ulioungua ncha, udongo wake mweupe kama umemwagiwa unga. Nikaonja kwa kidole. Ukacheka, "Acha wewe, usinimalizie chumvi, kwenye mboga nitatia nini?" Kisha ukaacha kucheka. Ulisema mto ukija mdogo, hakuna maji ya kuiosha ile chumvi, wala mfereji wa kuitoa.

Naikumbuka pia chemchemi yetu, pale juu ya vinyungu, bustani zetu za bondeni tulizolima kila kiangazi. Wewe na Baba mliizungushia milingoti, yaani mikaratusi, mwaka nilioanza darasa la kwanza. Miche tuliletewa bure, nani angekataa? Baadaye watu wa maji wakasema ikatwe kwa kuwa inakausha chemchemi, wa misitu wakasema itunzwe, wa kilimo wakataka tuhame bondeni kabisa. Kila ofisi na siku yake, na gari lake.

Jana walikuja pamoja, kwenye mkutano wa kijiji! Mwenyekiti wa kijiji akawapokea kwa salamu ya kwetu, "Kamwene! Leo gari moja? Basi kuku mmoja atatosha." Hata wageni walicheka. Wakatandika ramani moja mezani, kuanzia vilima vyetu hadi majaruba yenu. Kaka, mto wote ulikuwa pale! Nikasimama, nikauliza, "Na chumvi ya walio chini, je?"

Afisa wa maji akanijibu mimi, mbele ya watu wote. Sisi tutoe milingoti kwenye chemchemi, na wa misitu watatupa miti isiyokunywa maji mengi. Watu wa umwagiliaji watachimba huko kwenu mifereji ya kutoa maji ya chumvi, yasirudi mtoni. Kazi zote mbili zianze kabla ya msimu ujao.

Mzee mmoja akanung'unika, "Tukate mbao zetu kwa ajili ya mpunga wa watu?"

Baba akasimama. "Ni mpunga wa mwanangu," akasema. "Anzeni na miti yangu."

Najua umechoka, Kaka, na maji hayatafika kesho. Lakini ninapoandika nasikia shoka kule bondeni. Baba hajasema urudi wala ubaki. Amesema tu nikuandikie kwamba mti wa kwanza umeshaanguka.

Wasalimie majirani zako wa mferejini.

Mdogo wako,
ambaye jana alisimama mkutanoni