Sakafu Isiyotulia

4 Februari

Mwanangu, mama,

Daktari wa masikio amesema leo asubuhi kwamba masikio yangu ni mazima, yote mawili, na kwamba kwa mtu wa miaka sitini na moja ningepaswa kushukuru. Najua salamu ndizo zilipaswa kutangulia. Hujambo? Kile kikohozi cha mvuke wa chumba cha kufulia kimekuacha? Sisi huku, maana yake mimi na paka, hatujambo isipokuwa jambo moja.

Nilishuka kwenye meli yenu tarehe 12 Januari. Leo ni siku ya ishirini na tatu na bado sijashuka. Nikisimama, sakafu inanyanyuka taratibu upande wa kushoto, inashuka, inanyanyuka kulia. Si kizunguzungu, sitapiki, sianguki. Ni kama kusimama juu ya godoro ambalo mtu mwingine amelilalia anageukageuka. Nikilala ndiyo inazidi.

Nilidhani ni nyumba. Usicheke. Nyumba nimeijenga mwenyewe, na fundi akihisi nyumba inacheza hatafuti daktari, anatafuta msingi. Nimevunja sakafu ya sebule, futi tatu kwa futi nne, nikachimba mpaka kwenye jiwe. Msingi ni mzima. Nimetundika timazi mlangoni, kamba imetulia kama imekufa. Pima maji nimeiweka kila chumba, kiputo kiko katikati. Nimetafuta ufa niuzibe, ufa haupo. Fundi mwenzangu alipita, akatazama shimo, akaniuliza kama natafuta hazina au kuna mtu namzika.

Mkandarasi ananishikia nafasi mpaka katikati ya Machi. Shule tunayoijenga imefika ghorofa ya tatu na kuta za juu ni zangu. Nimemwambia nina mafua.

Usidhani najutia safari. Siku kumi na nne zile tulizungumza kuliko miaka miwili yote tangu tumzike mama yako. Ila wewe unapanda na kushuka, huu mwaka wa nane. Nihesabie kwa siku: huisha lini?

Baba yako


21 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeipata jana kwa wakala wa bandarini. Kikohozi kimepoa. Kazi ni ile ile, mashuka elfu mbili kwa siku na msimamizi wetu Mzee Pasi, ambaye amepata miwani mipya na sasa anaona mikunjo ambayo haipo. Wenzangu wanakusalimu. Yule mpishi wa mikate bado anasimulia ulivyomwambia jiko lake limejengwa upande.

Kuhusu hesabu ya siku: huisha. Wengi siku mbili tatu, wengine wiki, wengine zaidi kidogo. Tembea sana, kunywa maji, usikae ukiisikiliza. Kadiri unavyoisikiliza ndivyo inavyojiona mgeni rasmi.

Shimo lifukie, baba. Nyumba haina kosa. Utakuja kutumbukia humo, halafu majirani waseme mwanao alikuacha ufe shimoni.

Usipande jukwaa la ujenzi kwanza. Mkandarasi mwambie ukweli.

Halafu niambie kitu kimoja. Ukiwa ndani ya gari linalotembea, hutulia?

Mwanao


14 Machi

Mama,

Mkandarasi amenishusha jukwaani Jumatatu, mbele ya watu. Marahaba, na nashukuru kwamba kifua kimepoa. Mimi mwili ni mzima, nakula.

Nilipanda saa moja na nusu. Msimamizi wa zamu akaniona kwenye ngazi ya kwanza nimekumbatia nguzo kwa mikono miwili, mwiko umeanguka chini. Mkandarasi alipofika sikumdanganya. Nikamwambia ukuta umesimama, mimi ndiye nayumba.

Akasema, "Tangu lini?"

"Tangu Januari."

"Na ulitaka kupanda hadi juu?"

"Mkono haujasahau kazi."

"Mzee, mimi nimepewa kandarasi ya kujenga shule. Kaburi lako halimo kwenye mchoro."

Hakusema kwa ubaya. Nafasi yangu ataishika mpaka wapaue, akipata kuona nasimama. Baada ya hapo, hapana. Miaka thelathini na nane nimekula kwa kusimama wima.

Mtaani wameshaamua. Jirani yetu mshonaji ameniuliza kwa heshima zote nakunywa nini, ili amfiche mumewe kinywaji hicho.

Swali lako: ndiyo. Niliomba lifti kwenye lori la mchanga, na lilipoondoka tu, kila kitu kikatulia. Mara ya kwanza tangu Januari. Dereva alidhani nimelala, kumbe nilikuwa nasikilizia. Sasa napanda lori kila siku, nakwenda machimboni na kurudi, sina kazi yoyote humo. Likisimama, inarudi, na naona inarudi na nguvu mpya.

Kwa hiyo nimewaza. Melini nilikuwa mzima siku zote kumi na nne. Lile bwawa dogo la sitaha ya juu vigae vinabanduka, nimeviona kwa macho yangu, aliyevipachika alikuwa na haraka. Waulizie kama wanahitaji fundi. Sichagui kitanda.

Na wewe, ulijuaje habari ya gari?

Baba yako


3 Aprili

Baba,

Shikamoo. Sijaulizia nafasi ya fundi wa vigae, na sitaulizia. Afya yangu ndiyo habari yenyewe leo, kwa hiyo kama umesimama, kaa.

Nilijua habari ya gari kwa sababu ninayo hali hiyo hiyo. Mkataba wa kwanza, niliposhuka, niliyumba siku tatu. Nikacheka, mabaharia wote huyumba na hucheka. Wa pili siku tisa. Wa tatu wiki tano. Tangu wa nne haijaisha hata mara moja nikiwa nchi kavu. Melini sina kitu. Nakula, nalala, nagombana na Mzee Pasi. Nikikanyaga gati huanza kabla sijapokea begi langu.

Likizo yetu ni siku sitini, baba. Si kumi na mbili kama nilivyokuwa nakuambia. Kampuni haijawahi kuniita mapema. Mimi ndiye niliyekuwa naenda ofisini kuomba meli ya kwanza inayotoka.

Na ile ya mama. Nilipokuja anaumwa, nikaondoka siku ya kumi na moja nikasema wameniita, hawakuniita. Nilikuwa nakaa kwenye kiti kando ya kitanda chake na kitanda kinapanda na kushuka. Akaniuliza mbona nashika ukingo kwa nguvu, nikamwambia mgongo. Daktari alisema ana mwezi mmoja au zaidi. Nikapiga hesabu kwamba nikatulie wiki tatu baharini, nirudi. Alikuwa na siku sita.

Kila mfanyakazi wa meli ana nafasi ya kumsafirisha ndugu mmoja. Nilikupa ile safari kwa sababu tangu mazishi hukuwa ukiniandikia. Nilidhani jambo hili ni langu peke yangu, limetumwa kwangu kwa yale niliyofanya. Sikujua mtu anaweza kulipata kwa siku kumi na nne. Ningejua, ningekununulia redio.

Usije. Hapa utapona kila siku, na kila ukishuka itakuwa mbaya kuliko ulipopanda. Nisamehe au usinisamehe, lakini usije.

Mwanao


24 Aprili

Mama,

Daktari wa mishipa ya fahamu amesema jana kwamba ugonjwa wetu una jina. Ameniandikia kwenye karatasi. Ni refu, mwandiko wake ni wa daktari, na alivyonieleza maana yake ni ugonjwa wa kushuka.

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Jioni ile ulipoondoka, mama yako aliniuliza umefika wapi. Nikamwambia uko njiani kwenda kazini. Akasema, "Mwache, kachoka kukaa na wagonjwa." Nami nikakubaliana naye, kwa sauti, akasikia. Kwa miaka miwili hilo ndilo nililokuwa nalo juu yako, na lilikuwa si kweli. Yeye hayupo tumwambie. Mimi nipo, nimeambiwa.

Daktari huyu hana dawa. Ana mazoezi ya macho na shingo: unakaa kwenye kiti, mistari myeupe na myeusi inapita ukutani, yeye anakuinamisha kichwa upande huu na upande huu. Kila siku, siku arobaini na mbili. Nikamuuliza wangapi wamepona. Ana daftari. Amefuata watu kumi na mmoja: watatu wametulia, wawili imewapungua, sita hawakurudi kumwambia.

Sharti ni moja. Kwa siku zote hizo usipande chombo chochote kinachotembea. Gari, pikipiki, baiskeli, hata lifti ya hospitali, na chumba chake kiko ghorofa ya nne. Ukipanda mara moja, unaanza kuhesabu upya.

Sikupanga mimi kuanza peke yangu. Meli yenu inapita hapa tarehe 20 Mei na likizo yako ni siku sitini, sasa najua. Siku sitini zinatosha arobaini na mbili. Njoo tuhesabu pamoja. Nitamngoja daktari mpaka hapo. Lori nimeliacha leo, dereva anadhani nimemkasirikia. Shimo la sebuleni nimelifukia na kulipiga saruji upya. Chumba chako kina hewa.

Baba yako


17 Juni

Baba,

Shikamoo. Nilisaini mkataba wa miezi tisa Jumamosi tarehe 14, saa saba mchana, na meli iling'oa nanga saa kumi na moja. Natumaini uliporudi kutoka mazoezini hukunitafuta sana. Nimemwomba wakala akupigie simu kwa mshonaji. Kama hakupiga, basi hukulala, na hilo nalo ni langu.

Hatukugombana, na nataka hilo lijulikane. Nilikula vizuri kwako. Sikujua kama unaweza kupika wali usioshikana. Kila asubuhi kwenda hospitali kwa miguu, dakika arobaini, mimi nimeshika ukuta upande huu, wewe umeshika upande ule, watoto wa shule wakitupisha kama harusi. Ngazi za ghorofa ya nne ukinihesabia kwa sauti. Nilikuwa nacheka kweli, sikuigiza.

Ila siku ya kumi na sita nilipokuambia imepungua, haikupungua. Nilitaka kuona utafanya uso gani. Ulikwenda kumwambia daktari, akaandika. Mwambie afute.

Siku ya ishirini na tano ulitangulia saa mbili, nikasema nakufuata. Nikafika mpaka ukuta wa mshonaji, nikashindwa kuuacha. Teksi ikasimama.

Dereva akasema, "Dada, unaumwa?"

"Ndiyo."

"Ingia basi nikupeleke hospitali."

Nilijua sharti. Nilikuwa nimebakiza siku kumi na saba. Nikaingia. Hatukufika kona ya pili, kila kitu kikatulia. Baba, unajua kinavyotulia, wewe peke yako ndiye unayejua. Nikakaa hivyo mpaka tukaona geti la hospitali, naye akaanza kupunguza mwendo, na nikahisi inanyanyuka. Nikamwambia asisimame. Nikamwambia aende bandarini.

Nimepanda na ndala. Viatu viko mlangoni kwako. Ofisini hawakuuliza kitu, wananijua. Mzee Pasi aliniona akasema, "Umerudi mapema," nikasema wamenichosha nyumbani.

Nina miaka thelathini na tatu. Nimepiga hesabu: kampuni inatustaafisha tukifika hamsini na tano. Baada ya hapo sijui watanishushia wapi.

Wewe maliza zako arobaini na mbili. Labda wewe ni miongoni mwa wale watatu.

Mwanao


9 Julai

Mwanangu, mama,

Daktari alisema tarehe 2 Julai kwamba nimemaliza siku zote arobaini na mbili bila kuvunja hata moja, na kwamba hakuna badiliko. Marahaba. Natumaini barua hii itakukuta na afya, na kwa kuwa uko melini, naamini unayo.

Wakala alipiga simu, saa kumi na mbili. Kabla ya hapo nilikuwa nimekwenda hospitali mara mbili na kituo cha polisi mara moja. Mshonaji alinisindikiza kote huko na hajaniuliza tena nakunywa nini.

Nilikukasirikia wiki moja. Wiki ya pili nilikuwa njiani kwenda mazoezini, lori la mchanga likapunguza mwendo kando yangu, dereva akafungua mlango, akasema, "Mzee, panda." Nilishika mpini wa mlango. Sijui nilisimama hapo muda gani, nyuma yake magari yanapiga honi. Sikupanda, lakini tangu siku hiyo sina la kukuambia juu ya teksi.

Sasa mimi ni wa kumi na mbili katika daftari lake. Wewe hakukuandika kwa sababu hukumaliza. Nilimwomba akuandike, akakuandika, chini yangu. Ile ya siku ya kumi na sita ameifuta.

Shule imepauliwa mwezi uliopita. Kuta za juu kazijenga fundi mwingine, nilikwenda kuzitazama, ziko wima. Mkandarasi alinipa mkono, akanitafutia kazi ya kufyatua matofali chini, kwenye uwanja wake. Tofali halimwangushi mtu. Nafanya kazi nimekaa.

Daktari anataka kunitazama tena Jumanne tarehe 5 Agosti, saa tatu. Nilimuuliza atafanya nini siku hiyo. Akasema atapima kama inaongezeka.

Ofisi ya bandari imenisomea ratiba. Meli yenu inafunga gati hapa Jumatatu tarehe 22 Septemba, saa nne asubuhi, na inaondoka saa kumi. Nitakuja kwa miguu, ni mwendo wa saa mbili na nusu. Usishuke. Simama sitaha ya tatu upande wa nyuma, pale mnapopumzikia, na mimi nitakuwa chini penye nguzo ya pili ya kufungia kamba, kuanzia saa nne mpaka mtakapoondoka.

Baba yako