Ndoto Niliyoiazima kwa Dada

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Na hii nyingine naiweka ya akiba, shikamoo tena, maana ukifika mwisho wa barua unaweza ukataka kuirudisha ile ya kwanza. Mgongo unaendeleaje? Bado unainama kutengeneza miwani ya watu kutwa nzima? Shemeji hajambo? Na wapwa zangu, yule mdogo ameshaota meno au bado anacheka kama mstaafu? Mimi huku mzima kabisa. Nimenenepa shavu moja tu, lile ninalolilalia.

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika badala ya kupiga. Kwenye simu ungenikata. Halafu hiyo simu yako ya vitufe haionyeshi video, kwa hiyo hujui kwamba mdogo wako sasa ni mtu mkubwa. Usicheke. Mtandaoni naitwa Fundi Usingizi. Watu wa nchi ambazo sitazikanyaga maishani wananiita kaka.

Ilianza hivi. Unakikumbuka chumba cha nyuma cha Mjomba, pale tunaposhonea mito? Mchana jua likipita dirishani nasi tunachambua sufi, nyuzi zake zinapanda hewani na kukataa kushuka, hadi chumba kizima kinaonekana kama kimezama kwenye maziwa. Nikategesha simu juu ya cherehani, nikakaa sakafuni, nikawa najaza mto huku nasimulia ndoto itakayompata atakayeulalia. Nilisimulia mji ambao watu hupeleka vivuli vyao kwa fundi vikapunguzwe. Nilisimulia nyumba ambayo kila mlango unafungukia kwenye kamba ya nguo. Shule niliiacha njiani, ndiyo, lakini mdomo niliendelea nao.

Tabu ni kwamba watu walisinzia kabla sijafika kwenye bei. Mwalimu mmoja aliniandikia kwamba amenisikiliza siku thelathini na hajui ninauza nini. Mjomba akasema nawalaza wateja bure, niitaje bei mwanzoni. Nikaitaja. Wakakimbia kama nimejamba kwenye lifti. Akasema basi niiweke katikati, pale msafiri wa ndotoni anapochoka. Nikamwambia ndoto yenye bei ndani inaamsha watu. Akanijibu kwamba kodi ya chumba haisinzii. Ndipo akaniambia niachane na vivuli, watu hawanunui ndoto ya mtu, wananunua maisha yake. Nisimulie yaliyonikuta mwenyewe.

Nikakaa na sufi mapajani nikayatafuta yaliyonikuta. Sikuona kitu. Nimeacha shule, nimenenepa shavu. Basi.

Siku moja tumetoka kula, usingizi umenishika nusu, simu inarekodi, mdomo ukaanza wenyewe. Nikasema nilipokuwa na miaka sita watu wazima waliniambia baba amechukuliwa na mto. Siku hiyohiyo shangazi akanitandikia, akaniambia nilale, niweke kichwa kwenye mto. Nikautazama ule mto wa kitandani, umevimba, umeshonwa pande zote, nikaelewa kwamba baba yumo humo. Nikautegea sikio, nikasikia maji yanakwenda. Tangu hapo sijalalia mto, na ndiyo maana wako naujaza mwenyewe kwa mkono, nijue kilichomo kabla wewe hujaulalia.

Hakusinzia mtu, Dada. Oda zilimiminika hadi tukaishiwa kitambaa cha foronya. Mjomba alinikumbatia mbele ya wateja, yule yule ambaye hata kwenye sikukuu hutoa mkono wa vidole viwili.

Sasa umeshajua nilichofanya. Mtoto yule si mimi. Mimi wakati huo nilikuwa bado tumboni. Mtoto yule ni wewe, na uliniambia mara moja tu, siku nilipokutania kwamba unakunja sweta chini ya kichwa wakati mito imejaa ndani. Uliniapisha nisimwambie hata shemeji. Nami shemeji sijamwambia. Nimewaambia watu wa kujaza viwanja vitatu.

Kuna baya zaidi. Mama amesikia. Jirani alimwekea video akidhani anamfurahisha. Alikuja chumba cha nyuma, akaniuliza nani kanipa habari ile, nikashindwa kudanganya. Kumbe hakuwahi kujua. Miaka yote alidhani ni ukaidi wako tu, na anakumbuka alivyokuchapa kwa ajili ya mto. Alikaa juu ya gunia la sufi, nyuzi zikamtua kichwani na mabegani, hakuzipangusa. Alikaa hadi jua likahama dirishani.

Alipoondoka niliifuta video. Mjomba kasema nimefunga duka kwa mkono wangu, kanirudisha kufagia. Lakini wapo walioihifadhi, wanaitumiana, na kuwafikia wote siwezi. Sikufichi.

Wala sikudanganyi kwamba niliiba kwa sababu ya biashara peke yake. Niliposema "baba yangu" mbele ya simu, neno lilikuwa tamu mdomoni. Nikalirudia. Ninayetangaza ndoto kwa watu wote hao sijawahi kumuota yeye hata mara moja. Wewe ulimpoteza, mimi hata wa kumpoteza sikupewa. Nikauchukua woga wako nikauvaa, ili angalau nami nionekane niliwahi kuwa na baba.

Mama anataka uje, anasema hilo neno lake si la simu. Nami nina ombi, ingawa sina uso wa kuomba. Niandikie kitu kimoja juu ya baba, kidogo tu: alivyopiga chafya, au kiatu alichoanza kuvaa, cha kulia au cha kushoto. Hicho sitakisimulia kwa mtu. Na ukiwa na hasira sana, andika tusi moja tu uliweke kwenye bahasha, nitalisoma kama barua ndefu.

Wabusu wapwa, msalimie shemeji, unyooshe mgongo.

Ni mimi mdogo wako,
Domo