Aya Aliyoikataa Baba Mdogo

Karakana ya Miguu ya Bandia,
Nyuma ya zahanati.
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa Dada,

Hamjambo huko? Kifua cha shemeji kimetulia? Mimi mzima, ila nimepungua hadi suruali zinanivuka; usishtuke ukiona picha. Mama naye hajambo. Simu yoyote ikilia anadhani ni wewe, hata akipiga fundi bomba.

Uliuliza mbona nilikuwa kimya. Dada, nilikuwa naandika andiko la kuomba ruzuku. Mfadhili wa zamani alijitoa, plastiki ikaisha, na watoto kumi na tisa walishapimwa, wanasubiri miguu. Andiko lilitakiwa kufika Ijumaa kabla ya saa sita mchana, na saini ya mwenyekiti. Mwenyekiti, kama ujuavyo, ni Baba Mdogo.

Fomu ilikuwa na swali lililoninyima usingizi: ni lipi liliwashinda, na mlifanya nini? Nikaandika ukweli. Kwamba miguu yangu ya kwanza iliwachubua watoto, sita wakaitupa na kurudia magongo. Kwamba kosa lilikuwa langu, niliwapima wamekaa badala ya kusimama. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuomba radhi, na wanne wakarudi.

Ijumaa asubuhi Baba Mdogo alisoma akiwa wima, miwani puani. Alipofika hapo akaweka kalamu chini.

"Unatuvua nguo mbele ya wageni? Futa."

"Wameuliza, Baba."

"Ushaona muuza maziwa akitangaza kuwa yake yameganda?"

Ilikuwa saa tano na robo. Sikufichi, kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kufuta. Lakini wale sita nawajua kwa sura na kwa vidonda. Nikamwambia, "Basi andika wewe kwa mkono wako kwamba hakuna mtoto aliyeumia."

Akatoka. Nikajua yamekwisha.

Kumbe alikwenda zahanati kumwuliza muuguzi. Muuguzi akamfungulia daftari la vidonda. Zikibaki dakika kumi akarudi, akasaini kwa nguvu hadi karatasi ikatoboka. Nikaipiga picha ili niitume, mtandao ukakwama mara mbili. Andiko liliondoka zikibaki dakika mbili.

Wiki saba baadaye akaja mama mmoja kutoka kwa wafadhili. Hakutaka chai wala kuonyeshwa mashine. "Nipelekeni kwa mtoto ambaye hakurudi." Tukaenda. Mzazi wake alinisema mbele ya mgeni hadi nikatamani ardhi inimeze, kisha akamaliza, "Ila alikuja mwenyewe kutuambia." Mgeni akaandika, akaaga. Sikuweza kula siku mbili.

Jana barua ilifika. Tumepata, Dada! Baba Mdogo hajanipa hata pongezi, ila ameibandika ukutani kwa gundi ya viatu. Haibanduki tena hata kwa patasi.

Wawili bado wanatembelea magongo. Kesho naanza na hao, na nitawapima wamesimama.

Msalimie shemeji, wabusu wapwa zangu wote. Mama anakuombea njia iliyonyooka na mwili usiochoka.

Wako akupendaye daima,
Kitindamimba wenu