Nyota Imelipuka Wiki ya Kurudi Kwake

Jumatatu, 4 Machi
Imelipuka! Miaka sita naingoja nyota hii, nayo inachagua wiki hii. Haina adabu.
Mume wangu ni fundi wa darubini kule mlimani, nchi ya watu. Miezi saba sijamwona. Ijumaa anarudi. Asubuhi kanitumia vipimo vya mwanga wa nyota. "Mama Kidoti, mzigo wako huo," kasema, anacheka.

Jumanne, 5 Machi
Profesa, mkuu wangu kazini, kaja mezani kwangu na kahawa yake. Nikamwonyesha: kwenye mchoro wa rangi za mwanga wa nyota, mstari wa haidrojeni una bonde upande wa buluu. Yaani gesi inatujia kwa kasi — upepo unatoka kwenye nyota! Nyota yenyewe ni mbili: moja humwaga gesi, mwenzake hula. Akivimbiwa, analipuka. Anachokula tunakijua. Anachopoteza angani ni kiasi gani? Hakuna ajuaye. Na upepo huvuma siku chache tu, mwanzoni. Tukiukosa, basi.
Nimefua mashuka. Nimeyanusa kama mwehu.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa. Fundi wa kumpokea zamu mume wangu kalazwa, homa. Profesa kafunga mlango. Kasema mume wangu akishuka, darubini inasimama wiki mbili. Akibaki, likizo nyingine ni Agosti. "Uamuzi ni wako. Nyota yako, mume wako."
Nimetoka bila kuaga.
Jioni Kidoti kauliza baba atalala upande gani wa kitanda. Nikamwambia ale.

Ijumaa, 8 Machi
Simu, asubuhi. Gari la kumteremsha liko mlangoni kwake, nalisikia linanguruma. Kasema: sema neno moja tu, mke wangu, nashuka.
Nilitaka kusema njoo. Wallahi nilitaka! Nikasikia sauti yangu inauliza, "Lile bonde, jana lilikuwaje?"
Nikasikia anafunua karatasi.
Kisha kasema limezidi kuchimbika, hajapata kuona kitu kama hicho. Kayasema polepole, kama anabembeleza mtoto. Nikalia. Kasema usilie, hujanijibu bado. Nikamwita jina lake. Neno jingine sikuweza.
Dereva kapiga honi. "Ngoja kidogo," kaniambia. Kaweka simu mezani, hajaikata. Nasikia viatu vyake kwenye kokoto. Sauti yake, kisha ya dereva — maneno siyapati. Kidoti ananivuta gauni, anataka kuongea na baba. Naandika huku simu nimeibana begani.
Injini imezimwa: hashuki.