Nyuzi Nene za Besi

Section 58, Nakuru
Jumatatu

Kaka Kiplimo,

Huku tu wazima. Mvua imenyesha vizuri, na viazi vya Kuresoi tumeletewa gunia zima.

Nina kosa la kuungama. Gitaa lako la besi, lile ulilopiga kanisani miaka yote, ukaenda Doha ukiniambia nisiliguse, nimelitoboa. Nilinunua nyuzi nene zenye mngurumo wa chini zaidi, zikakataa kuingia. Fundi Jaspreet akachukua tupa, akapanua mifereji ya kile kipande cha mfupa kinachoshikilia nyuzi shingoni, kisha akapanua kwa drili matundu ya vyuma vya kukazia nyuzi.

"Dada, nikishapanua hakuna kurudi," alinionya.

Nikamwambia apanue tu.

Usinikasirikie kabla hujajua sababu. Baba hasikii tena, tangu Machi. Alitukataza kukuambia. Ndiyo maana hapokei simu zako. Hana hasira na wewe kwa kuondoka.

Jana kanisani nilimketisha karibu na spika. Nilipopiga uzi ule mnene kabisa, benchi lilitetemeka. Baba akaweka viganja vyote viwili juu ya ubao, akafumba macho, akaanza kutikisa kichwa kwa mdundo. Halafu katikati ya wimbo akauliza, kwa sauti ya kanisa zima kusikia, "Kiplimo amerudi lini?"

Watu walicheka. Mimi sikuacha kupiga.

Dada yako asiyejuta,
Jemutai