Ubao wa Kumi na Mbili

Ami yangu Lali,

Mwalimu wangu wa chuo cha Kurani anasema maiti hasomi barua, kinachomfikia ni dua. Dua nimekuombea leo alfajiri na nitakuombea tena magharibi. Barua hii ni jambo jingine. Ndani yake mna habari za mbao, na katika nyumba yetu hakuna aliyebaki wa kusikiliza habari za mbao mpaka mwisho. Mama husikiliza mpaka kwenye randa, kisha hukumbuka chungu jikoni.

Nianze na habari kubwa, maana wewe hukupenda hadithi ya kuzungushwa: ukuta wa Zuhura umesimama. Mbao zote kumi na tisa. Dada yangu ameolewa Ijumaa iliyopita kule kisiwani Chovae, na hakuingia nyuma ya pazia.

Sasa nikueleze ilivyokuwa.

Ulipotuacha, ubao wa kumi na mbili ulikuwa bado umebanwa kwenye jiliwa. Ulikuwa umekata ulimi, ule ukingo mwembamba unaoingia kwenye mfereji wa ubao jirani, nusu ya urefu wake, kifua kikakubana, ukaingia ndani kujinyoosha. Randa ukaiacha juu ya ubao kama mtu anayerudi baada ya chai. Hukurudi. Tulikusomea hitima, wageni wakaondoka, na randa ikabaki pale pale. Kila nilipotoka shule nilichungulia mlangoni mwa kibanda chako, nikaiona, nikaenda zangu.

Baba akapiga simu kutoka Mombasa. Alisema tununue plaiwudi, chumba cha harusi kitagawanywa kwa siku moja na mambo yaishe. Mama yake bwana harusi naye akaleta maneno kutoka kisiwani kwamba pazia latosha, wao si watu wa makuu. Nilimwona Zuhura akikunja kanga ile ile mara nne. Wewe ulimwahidi mbele yetu sote, ukisema "mchu" badala ya "mtu" kama kawaida yako: "Binti yangu hataingia nyumba ya mchu nyuma ya pazia, na mimi nina mikono." Ndipo mkeo Bi Maryamu, ambaye yuko eda na hatoki, akasema kutoka chumbani, "Lali aliahidi mbao za ulimi. Plaiwudi hakuahidi." Akanitumia ufunguo wa kibanda.

Mimi, Ami! Miaka mitatu nilikuwa nimefagia maranda yako, nikashika mwisho wa ubao, nikasukuma randa mkono wako ukiwa juu ya wangu. Peke yangu nilikuwa nimetengeneza ubao mmoja tu, na unajua uliishia wapi. Ulinifunza kwamba kila ubao una uso na mgongo, ukachora alama ya penseli usoni, ukaniambia kingo ya randa iegemee uso siku zote, kwenye ulimi na kwenye mfereji. Mimi nikaugeuza. Ulimi ukatoka juu, mfereji ukatoka chini, na ubao ulipoungana na mwenziwe ukawa kama ngazi. Hukunigombeza. Uliuangalia sana, ukasema, "Huu umetukasirikia, tuupe kazi nyingine," na jioni hiyo Mama akapata kibao kipya cha mbuzi. Mpaka leo anakunia nazi juu ya kosa langu.

Basi nilifungua kibanda. Niliutoa ubao wa kumi na mbili kwenye jiliwa, nikauviringisha kwa shuka yako ya kazi, nikausimamisha ukutani. Sikuweza kuanza na huo. Nikaanza na wa kumi na tatu.

Ulinichukua siku tano. Zile randa zako mbili ulizotoka nazo Mombasa, pacha ulivyoziita, moja ya ulimi na moja ya mfereji, hazikunijua. Ya mfereji ilikuwa ikikohoa. Nikakumbuka ulivyosema kwamba randa kali huimba na randa butu hukohoa, nikalitoa jembe lake, ule wembe wa ndani, nikalinoa juu ya lile jiwe la mafuta mpaka vidole vikauma. Nilipoirudisha, iliimba. Nilirusha mikono juu kama waliofunga goli, na paka wa jirani akakimbia.

Mama aliweka sharti: masomo kwanza. Kwa hiyo nilifanya hesabu palepale juu ya benchi, kisha nikafanya mbao mpaka jua lizame. Siku moja mwalimu wa hesabu alifungua daftari langu akakuta uzi mrefu wa maranda umejikunja katikati ya kurasa. Aliunusa. Akauliza ni nini, nikamwambia ni alama yangu ya kujua nilipofika. Akaurudisha polepole, palepale.

Ubao wa kumi na nne ulinichukua siku tatu. Wa kumi na tisa niliumaliza katika alasiri moja, Ami, na nilipouunganisha na wa kumi na nane sikuona mstari, nikalazimika kuutafuta kwa ukucha.

Famau, bwana harusi na shemeji yetu, alikuja Kismayu kununua misumari ya mashua, tukampa zile mbao kumi na nane atangulie nazo. Tulizipakia kwenye bajaji, zikatokeza mbele na nyuma, dereva akaniuliza kwa Kisomali kama nimeuibia msikiti dari. Mimi nilibaki kumalizia mtihani wa shule na ubao wa kumi na mbili. Nitakuambia habari zake mwisho.

Siku tatu kabla ya harusi, mimi na Mama na Zuhura tukafika Chovae. Famau alitupokea ufukweni uso umejaa furaha. Unamjua, ni fundi wa kuziba mashua, kama baba yake na babu yake, kazi yao ni pamba na mafuta. Alinivuta kando akaniambia kwa fahari, "Shemeji, nimeona mbao zenu zina nyufa ubavuni. Nikajua Ami Lali hakuwahi kuzimaliza, Mungu amrehemu. Nimezitia kalafati zote. Haliingii tone!"

Sikumwelewa mpaka nilipoziona. Mifereji yote, Ami. Mifereji yote kumi na minane ilikuwa imeshindiliwa pamba kwa patasi yake ya kalafati, imekazwa kama ngoma, kisha mbao nzima zimepakwa sifa, yale mafuta ya papa, uso na mgongo. Ndimi zilikuwa hazina pa kuingia. Na chumba cha harusi kilinuka kama tumbo la mashua.

Nilikaa chini mchangani. Niliwaza, siku tatu. Niliwaza pazia. Machozi yalikuwa yamefika kwenye kope. Kisha, sijui kwa nini, nikakuona wewe umesimama mlangoni, mkono kiunoni, ukiutazama ukuta usiovuja. Nikaanza kucheka. Nilicheka mpaka Mama akadhani nimepigwa na jua.

Mama yake Famau, Bi Rukia, alipoelezwa, alitoka nje akamsimamia mwanawe. "Wewe wataka mke au wataka mashua? Sema sasa, tumrudishe mtoto wa watu!" Famau aliweka mikono kichwani. Akafukuzwa, kwa sababu bwana harusi hana kazi pale siku hizo, akakaa nyuma ya ukuta akiomba radhi kwa sauti kila mtu apitapo. "Sikujua, jamani! Kwetu ufa ni ufa!"

Wanawake waliokuja kupika na kusuka ukili wa mkeka wa harusi waliacha kazi zao. Tulizitandaza mbao kumi na nane uani, kila mmoja akachukua wake. Wengine walitumia ndoana, wengine pini za nywele, bibi mmoja alitumia jino la uma. Walivuta pamba huku wakiimba, na wimbo ulipofika kwa bwana harusi walimtia maneno mapya ambayo Mama alinizuia nisiyaandike. Siku mbili. Vidole vyetu vyote vilinuka papa, hata vya bibi harusi, akasema hina yake itashika vizuri zaidi. Kisha tulizisugua mbao kwa majivu, tukazifukiza udi pamoja na chumba kizima mpaka macho yakatiririka.

Na hapa Ami ungefurahi. Tulipoanza kusimamisha, nilijiandaa kupaka ndimi kipande cha mshumaa kama ulivyokuwa ukifanya. Sikuhitaji. Ile sifa iliyobaki ndani ilizifanya ziteleze zenyewe. Nilisukuma kwa kiganja tu, na ulimi ukaingia kwa sauti ile ndogo uliyoipenda, kama mtu anayefumba mdomo. Nilimpigia Famau kelele kupitia ukutani, "Shemeji, kosa lako limetufaa!" Akajibu, "Basi mwambie Mama!"

Ndugu zake Famau walinisaidia kupigilia kwenye fremu. Hao nao wakataka kuzibana mbao kwa nyundo zishikane kabisa. Nikatoa mfukoni vile vijiti vya ukuti ulivyovikata mwenyewe, nikaweka kimoja kati ya kila ubao na mwenziwe, nikawaambia wapigilie, kisha tutavichomoa. Mkubwa wao akasema, "Binti, hapa patabaki nafasi." Nikasema, "Ndiyo." "Patapita upepo." "Hapapiti. Ulimi umeziba kwa ndani. Mvua ikija mbao zitavuta pumzi. Zisipopata nafasi zitasukumana, ukuta ufure." Maneno yako, Ami, yote. Mimi nilikuwa nimekopesha mdomo tu. Alinitazama, mwanamume mwenye ndevu, fundi wa mashua. Kisha akaweka nyundo chini akaninyooshea mkono nimpe kijiti.

Na sasa ubao wa kumi na mbili.

Niliufungua kutoka kwenye shuka yako siku mbili kabla ya safari, mtihani umekwisha. Niliubana mahali pake kwenye jiliwa. Niliiweka randa pale pale ulipoishia, kingo usoni, nikasema bismillahi, nikasukuma. Iliimba. Nilitaka sana ifuate njia yako, na ilifuata, karibu.

Kule Chovae niliuweka wa mwisho, ule ulio karibu na mlango, kwa sababu ndio utakaoguswa zaidi. Huo ndio pekee ambao Famau hakuutia kalafati. Kabla sijauingiza, nilifumba macho nikapitisha kidole juu ya ulimi wake, kama ulivyonifunza, kwamba jicho hudanganyika, kidole hakidanganyiki. Kutoka juu ulikuwa laini. Nilipofika katikati, kidole kikapanda kidogo sana, unene wa karatasi. Mpaka hapo ni wewe. Kuanzia hapo ni mimi.

Msasa ulikuwa mfukoni mwangu. Mara tatu tu ningepita, pangekuwa sawa. Nikauacha mfukoni.

Nikausukuma ubao, ulimi ukaingia mferejini, na mahali pale pakafunikwa. Hakuna atakayepaona. Si Zuhura, si Famau, wala watoto wao watakaoegemea hapo wakichezacheza. Ukuta uko sawa, kila mtu alisema hivyo, na ni kweli. Ni mimi na wewe tu tunaojua kwamba ndani yake mna mahali uliponipokeza.

Zuhura alipoingizwa, vigelegele vikipasua masikio, aliweka kiganja kwenye ubao ule ule bila kujua ni upi, akasimama kidogo. Akanong'ona, "Wanukia udi." Nikamwambia, "Na papa." Akacheka mpaka wanja ukamwagika.

Nimerudi Kismayu jana. Nilimwelezea Bi Maryamu kila kitu kupitia mlango wa chumba chake, na nilipofika kwenye kalafati nilimsikia akicheka, mara ya kwanza tangu uondoke. Alicheka kisha akalia kidogo kisha akaniita nile.

Nilikula jikoni kwake, Ami, na nikaliona pazia. Lile la maua ambalo linafanya kazi ya mlango tangu mlipohamia, kwa sababu siku zote palikuwa na mlango wa mtu mwingine wa kumaliza kwanza. Nimepima tayari. Mbao sita. Kabla Bi Maryamu hajatoka eda, jiko lake litakuwa na mlango, na nyuso zote za mbao zitaelekea upande mmoja. Hiyo ni ahadi yangu, na mimi nina mikono.

Pumzika, Ami. Mungu akupe nafasi kubwa huko uliko, na mwanga. Randa zote mbili nimezipaka mafuta, nimezilaza ubavu ili makali yasiguse benchi.

Waziri wako wa Maranda,
Salma