Mabanzi Mwisho wa Mistari ya Chai

Mpendwa dada Tusajigwe,

"Lugha haichumwi kama chai. Kijapani cha shambani si Kijapani."

Hayo ni maneno ya katibu wa kamati ya maji hapa Kisondela. Aliyasema wiki iliyopita mbele ya mwanao Atupele, aliyekuwa amesimama na barua yake ya kuomba kazi. Pampu zinazokuja ni za mtumba kutoka Japani, vitabu vyake ni vya Kijapani, na kamati inatafuta mtu wa kuvisoma. Atupele anaweza kuvisoma. Cheti hana. Katibu hakumpa hata ukurasa mmoja ajaribu.

Uko kaburini mwaka wa nne sasa, lakini nakuandikia kwa sababu wewe ndiye ushahidi kwamba katibu hajui anachokisema.

Nianze na injini. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika huko Japani ilikotoka, enzi zile milango ya biashara ilipofunguliwa na kila kitu kikaanza kuingia: mashati, redio, magari. Ilikuwa ya kuendesha mashine yetu ya kusaga. Ilikuja na kitabu ambacho hakuna mtu, kutoka kwetu mpaka Tukuyu mjini, aliyeweza kukisoma. Ilitoa moshi mweusi tangu siku ya kwanza. Fundi aliifungua mara tatu, kisha akamwambia baba, "Mzee, hii imezoea hewa ya kwao." Baba alikubali. Wewe ulisema kitabu hakikuwekwa sandukuni kuwa pambo.

Ulikuwa na chati ya herufi za watoto na kamusi ndogo, alizokuachia yule Mjapani wa kujitolea aliyefundisha hesabu sekondari na kununua ndizi kwako. Kamusi ilifafanua kwa Kiingereza, nawe ulikuwa umeishia darasa la saba. Kwa hiyo ulibeba lugha mbili kwa mkupuo.

Ulianza kama tulivyofundishwa sote. Ulijaza daftari kwa kunakili herufi moja mpaka mkono ukaizoea, kichwa hakikuizoea. Ukajaribu kukariri kama mafundisho ya kipaimara, Jumapili baada ya ibada, kwa sauti, ukitembea kati ya migomba. Jumapili iliyofuata herufi zote zilikuwa zimekutoka. Ukaniandikia Dar es Salaam, nilikokuwa chuoni, ukiuliza kama kuna njia nyingine. Nilikujibu kurasa tatu zilizojaa majina ya wasomi, na mwishoni ushauri mmoja: acha, mpaka upate mwalimu. Nilikuwa nasema alichokisema katibu, ila kwa maneno marefu zaidi.

Niliporudi likizo nilikuta mabanzi.

Mwisho wa kila mstari wa chai ulikuwa umechomeka kipande cha ubao, yale mabaki ya wapasua mbao. Upande mmoja herufi kwa mkaa, upande wa pili maana. Ulichuma mstari, ukafika mwisho, ukasoma kwa sauti, ukageuza banzi kujihakiki. Mstari huo usingeugusa tena mpaka siku kumi hivi zipite, machipukizi yarudi. Ukikosea, banzi liliondoka pale likaenda kuchomekwa kwenye njia ya kisimani, unapopita kila siku. Ukipatia mizunguko mitatu mfululizo, lilihamia shamba la ng'ambo ya kijito, ulikokwenda mara moja kwa mwezi. Mvua yetu ilifuta mkaa kila mara, na wewe ukaandika upya kila mara, kwa kukumbuka. Hakuna kitabu cha ualimu nilichosoma kilichonieleza jambo hilo kwa uwazi kama lile shamba.

Majirani walikuwa na lao. Namkumbuka Mama Subilaga akipaza sauti kutoka shambani kwake: "We Tusajigwe! Chai imeshajibu?"

"Imejibu," ukasema bila kuinua kichwa. "Inauliza mbona mwenzangu kikapu chake hakijai, kazi kuongea."

Alicheka mpaka akakaa chini.

Siku hiyo nilijitia kukusaidia. Nilitaka kikapu kijae haraka, nikachuma kila kilichokuwa kijani: machanga, yaliyokomaa, hata machipukizi yaliyokuwa bado yamejifumba. Ulichungulia ndani ya kikapu.

"Hapa hutarudi kuchuma karibuni, mdogo wangu. Umemaliza na ya wiki ijayo."

"Si majani tu, dada?"

"Ndivyo mnavyosoma huko chuoni. Usiku mmoja mnachuma yote, mkitoka kwenye mtihani shamba jeupe."

Nilirudi mstarini, nikachuma majani mawili na chipukizi tu, kama wewe.

Katika msimu wa pili wa mabanzi, wewe ulikwenda kwenye injini ukiwa na mikono yenye utomvu wa chai. Kulikuwa na kishikio chenye alama tatu, ambacho fundi alikuwa akikiacha kwenye alama ya kuwashia. Ukasoma kwa kidole: kuanza, kwenda, kusimama. Ukakisukuma mpaka alama ya pili. Moshi ukapungua, kisha ukaisha.

Fundi akavua kofia. "Nani kakuonyesha, mama?"

"Imeandikwa."

Baba alitoka nje, akazunguka nyumba, akarudi, akaomba aonyeshwe tena hilo neno.

Sitakupamba. Matamshi yako siwezi kuyatetea. Hapakuwa na wa kuyapima. Hukuwahi kuzungumza Kijapani na mtu zaidi ya salamu mbili tatu. Lakini pampu haihitaji salamu. Inahitaji mtu anayejua neno gani ni kufungua na neno gani ni kufunga, na Atupele anajua hayo na mengine mengi kuliko uliyoyaacha. Mabanzi yako anayo. Sasa anaandika kwa rangi ya mafuta, na anapotaka kujipima huugeuzia chini ule upande wenye maana. Alipotoka mbele ya kamati hakulia. Alikwenda kuchuma, kwa kuwa zamu ya mstari wa juu ilikuwa imefika.

Nikiwa kijana nilikuambia uache. Mwanao sitamwambia hivyo, wala sitanyamaza anapoambiwa. Pumzika, dada. Nilichobakiza ni maneno kwa walio hai.

Wajumbe wa kamati ya maji, mnakutana Jumatatu. Wekeni mezani kitabu cha pampu, kifungueni ukurasa wowote, mwiteni Atupele, na mwiteni fundi wa pampu ahakiki kama anachosoma kinalingana na mashine. Mkimkataa, mkataeni kwa neno aliloshindwa kusoma. Msimkatae kwa mahali alipolisomea.

Ni mimi mdogo wako, niliyemaliza ya wiki ijayo.